Tanki Limejaa, Kuku Wana Kiu

Maneno niliyowaambia wafugaji wenzangu chini ya mwembe, Mkonze, Dodoma

Ndugu mwenyekiti wa mtaa, bwana mifugo wetu, kina mama wa kikundi, na nyote mliofika. Mbukwenyi! Wazee wangu, shikamooni. Vijana, nyie nawapa marahaba yenu kabisa kabla hamjaniamkia, maana nikisubiri salamu zenu mmoja mmoja jua litatukuta hapa hapa.

Nimeombwa nieleze namna ya kuwatengenezea kuku mfumo wa maji kwa mikono yetu wenyewe, bila kununua ule wa mabanda makubwa. Mnanijua, nimefundisha sayansi shule ya msingi mpaka nikastaafu, kwa hiyo siwezi kuongea bila kitu mkononi. Leo nimekuja na dumu la lita 5, beseni, msumari, kipande cha bomba na ndala moja. Ndala yenyewe tutaifikia. Wa nyuma sogeeni, jambo hili linataka macho.

Tuanze na dumu. Nimelitoboa kwa msumari uliopata moto, tundu moja tu, vidole viwili kutoka chini. Beseni hili kina chake ni vidole vinne. Tazameni tundu liko wapi: liko chini ya ukingo wa beseni. Mkisahau mengine yote ya dumu, hilo msilisahau. Sasa naziba tundu kwa kidole, mjukuu wangu anajaza maji, anafunga kifuniko, anakikaza. Naliweka dumu ndani ya beseni, natoa kidole.

Mnaona? Maji yanatoka. Dumu linaguguma, glu, glu, glu, kila likitoa maji linavuta hewa. Maji yamepanda kwenye beseni, yamelifikia tundu, yamelifunika. Kimya. Yamesimama yenyewe, sijayashika. Hewa haina tena pa kuingilia, na hewa ya nje inayagandamiza maji ya beseni yasipande. Kuku akinywa, maji yanashuka, tundu linapata hewa, dumu linaguguma tena kidogo, basi. Sasa wewe kijana mwenye kofia, njoo ulegeze kifuniko. Haya! Mnaona beseni linavyofurika na miguu yangu inavyolowa? Hewa imeingia kwa juu. Mtu akikuambia dumu lake linamwaga, muulize kwanza kifuniko, kisha muulize kimo cha tundu. Mara nyingi jibu liko hapo.

Kwa mwenye kuku kumi au ishirini, mkutano umekwisha, anaweza kwenda nyumbani. Lipake dumu rangi nyeusi au livalishe kiroba, kwa sababu dumu linalopitisha mwanga likikaa juani huota ukijani ndani ya siku chache. Beseni liinue juu ya matofali, kimo cha mgongo wa kuku, la sivyo atachakura randa zote, yale mabaki ya mbao tunayowatandikia bandani, ziingie kwenye maji, kisha apande juu ya dumu na kuyanyea. Kwa vifaranga wa siku moja usiinue, weka chini, na jaza kokoto safi kwenye beseni. Kifaranga anazama kwenye maji ambayo wewe ungeyaita tone. Nimewahi kuwaokota sita asubuhi moja, wamelala kwenye sahani ya chai.

Lakini wengi wenu mna kuku hamsini, themanini, mia. Na hapa ndipo watu wanapodanganyika na hesabu. Kuku mmoja wa mayai, siku ya kawaida, anakunywa kama robo lita. Sikilizeni vizuri: siku ya kawaida. Novemba ya Dodoma si siku ya kawaida. Joto likipanda, kuku yule yule anaweza kukaribia nusu lita. Kuku hana jasho. Sisi tukipata joto tunalowa mgongoni, upepo ukipita tunapoa. Yeye hupoa kwa kuhema. Mtamwona saa nane mchana, mdomo wazi, mbawa ameziachia kama mtu aliyebeba ndoo mbili. Kila akihema anatoa maji mwilini kupitia pumzi, na asipoyarudisha kwa mdomo anakwenda. Mimi nina kuku 64. Siku ya ubaridi wanamaliza lita 16, siku ya Novemba wanapita lita 30. Aliyezoea kubeba ndoo moja ya lita 20 na kujiona amemaliza kazi, siku hiyo kuku wake wanamaliza maji saa saba, na jua ndiyo kwanza limekasirika.

Tena yai lenyewe ni maji. Yai la gramu 60, karibu gramu 40 zake ni maji. Kuku aliyekosa maji hana cha kukupa. Akikaa siku nzima hajanywa, kesho yake mayai yanapungua, na akizidisha hapo ananyonyoka manyoya na kusitisha kutaga kwa majuma kadhaa. Wewe unalaumu chakula. Unalaumu jirani ana jicho baya. Kumbe ni ndoo.

Wazee wetu walisema kuku akinywa huinua kichwa kumshukuru Mungu. Mimi nayapenda maneno hayo na sitayakanusha mbele ya wazee. Ila kuna na sababu ya chini kidogo ya mbinguni: kuku hawezi kunyonya maji kama ng'ombe au kama njiwa. Anachota kwa mdomo, anainua kichwa, maji yanateremka yenyewe. Shikeni hilo, tutalirudia tukifika kwenye chuchu.

Basi chuchu. Ndizo hizi, wauzaji wengine wanaziita niple. Kidude kidogo cha plastiki chenye pini ya chuma katikati. Kuku akiisukuma pini kwa mdomo, tone linadondoka, akiacha, inajifunga. Maji hayakai wazi, hayachakurwi, hayanyewi. Chuchu moja inatosha kuku wanane hadi kumi, kwa hiyo kuku 64 nimewawekea nane. Bei siwatajii, maana ya soko la Majengo si ya soko la Sabasaba, na ya leo si ya kesho. Nitawaambia tu kwamba chuchu ndicho kitu pekee ambacho sikuweza kujitengenezea. Vingine vyote nilivikuta uani au kwenye mabaki ya fundi bomba.

Nilivyoanza nilikosea kwa namna ambayo naona wengine hapa mnajiandaa kukosea, kwa sababu nimeshaona bomba zenu. Nina simtanki juu ya mnara wa mita tatu. Nikasema, ah, maji yapo juu, yateremke moja kwa moja bandani, kazi imekwisha. Nikaunganisha. Siku ya kwanza nilijisifu mpaka kwa majirani. Siku ya tatu nikasikia harufu bandani, ile inayochoma macho kama umemenya vitunguu gunia zima. Chuchu zilikuwa zinadondosha usiku kucha, tone, tone, tone. Chuchu hizi hazitaki nguvu kubwa. Zinataka maji yaliyo juu yake kidogo tu, kama urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole, au zaidi kidogo. Ukizipa mita tatu zinalia zenyewe, hata kuku akiwa amelala.

Randa zikalowa, na kinyesi kikilowa ndipo ile harufu inapotoka. Baya zaidi lilikuwa bado. Nilikuwa nimewaingiza humo vifaranga wa majuma manne, wakaanza kuhara damu. Bwana mifugo hapa atanisahihisha nikikosea: mayai ya wale vimelea wa kuhara damu hutoka kwenye kinyesi yakiwa hayajaiva, na yanapopata unyevu na joto huiva ndani ya siku moja au mbili, yakamsubiri kifaranga ayadonoe. Mimi nilikuwa nimewapa vyote viwili, tena kwa bomba. Anatikisa kichwa, kwa hiyo sijakosea. Matandiko makavu ni nusu ya tiba, na hayakauki juu yake kukiwa na chuchu inayodondosha.

Nikashusha. Nikatafuta pipa la lita 60, nikaliweka juu ya matofali nje ya banda, upande wa kivuli. Nikaingiza na boya, lile la tanki la choo linalofunga maji likijaa. Jipya, jamani, la dukani, mbona mnacheka? Simtanki likawa linajaza pipa, boya linafunga, pipa linateremsha maji bandani kwa upole. Kudondosha kukaisha, harufu ikaisha. Nikawa simtumi mtu wala sigusi ndoo. Kila nikipita nachungulia pipa: limejaa. Naendelea na safari zangu.

Nataka niliseme hili polepole, maana ndilo lililonifanya nikubali kusimama hapa.

Mwaka juzi, mwezi wa kumi na moja, tulipata msiba Kondoa. Asubuhi kabla sijapanda basi niliosha bomba. Ili kuliosha nilifunga koki iliyo kati ya pipa na bomba, nikasukutua, nikamaliza, nikakimbilia stendi. Nyumbani nilimwacha mjukuu, mtoto wa darasa la tano, mwangalifu kweli kweli. Jioni nikapiga simu: kuku wana maji? Akaenda akachungulia, akarudi: "Bibi, maji yapo, pipa limejaa." Kesho yake mchana nikapiga tena. "Bibi, yapo, limejaa." Nikasema, mtoto huyu Mungu amweke.

Nilirudi jioni ya siku ya pili. Kabla sijavua kitenge cha msibani nilikwenda bandani. Tisa wamekufa. Waliobaki wamejibanza kwenye ukuta wa kaskazini, hawakunikimbilia kama kawaida yao. Nikabonyeza chuchu, kavu. Nikabonyeza ya pili, kavu. Nikatoka nje, pipa limejaa pomoni, maji yanameta kwa raha zake. Halafu nikaiona koki.

Koki niliifunga mimi, kwa mkono huu. Mtoto hakusema uongo, aliulizwa kama maji yapo akaangalia, na yalikuwepo. Swali ndilo lililokuwa bovu. Tangu siku hiyo pipa lililojaa halinifurahishi. Nikilikuta saa sita mchana limejaa kama nilivyoliacha asubuhi, moyo unaruka, kwa sababu maana yake hakuna aliyekunywa.

Basi nikabomoa, nikajenga upya, na huu ndio mfumo nitakaowaonyesha leo. Hauna mambo mengi.

Chukua bomba la plastiki la robo tatu ya inchi, lile gumu. Mimi nimetumia mita mbili na nusu. Chora mstari mmoja ulionyooka, kichwa hadi mguu. Njia rahisi ni kuvuta uzi uliopakwa chaki kutoka ncha hadi ncha na kuudunda, kama mafundi rangi wanavyofanya. Ukitoboa bila mstari, chuchu moja itaangalia mashariki na nyingine magharibi, na chuchu iliyolala ubavu inavuja. Juu ya mstari weka alama kila sentimita 30. Chuchu zangu zilitaka tundu la milimita 9, lakini usiniamini mimi: toboa kwanza kwenye kipande cha bomba kilichobaki, ufunge chuchu moja, uitie maji, uangalie. Bomba zima huharibika kwa tundu moja lililozidi.

Toboa taratibu. Drili ikienda mbio plastiki inayeyuka badala ya kukatika, na kingo za tundu zinabaki na manyoya manyoya. Manyoya hayo yakwangue kwa kisu, kisha piga bomba chini vumbi litoke lote. Vumbi hilo la plastiki ndilo linalokwenda kukaa ndani ya chuchu na kuizuia isifunge, kisha mtu anasema ameuziwa chuchu mbovu. Zungusha ile tepu nyeupe ya mafundi bomba kwenye hesi za chuchu, mara mbili tatu, kuelekea upande unaokazia. Kaza kwa mkono, malizia kwa spana robo duara, basi. Ukikaza kwa hasira bomba linapasuka.

Upande mmoja wa bomba unaunganishwa na pipa, kwa koki. Ndiyo, koki ile ile. Sikuiondoa, inahitajika wakati wa kuosha. Ila sasa nimeifunga kamba nyekundu inayoning'inia, na mwisho wa kamba nimefunga ufunguo wa mlango wa banda. Siwezi kufunga mlango nikaondoka bila kuishika koki. Tundu la kutolea maji kwenye pipa lipandishe vidole vitatu kutoka chini, ili mchanga na takataka zilale sakafuni mwa pipa, zisiingie bombani.

Upande wa pili ndipo wengi wanapoziba kwa kifuniko na kuondoka. Msizibe. Wekeni tii, kile kiungio cha bomba chenye midomo mitatu. Tawi moja linaangalia chini, liwekeeni koki ndogo ya kusukutulia. Tawi la pili linaangalia juu, na hapo nimechomeka mpira mweupe unaoonyesha ndani, ule wanaotumia waashi kupimia usawa wa ukuta. Mpira unapanda hadi juu ya usawa wa pipa na mdomo wake uko wazi, nimeufunga tu kitambaa chepesi wadudu wasiingie. Hewa iliyonaswa bombani inatokea humo. Na maji yanasimama humo sawasawa na yalivyosimama kwenye pipa, kwa sababu ni maji yale yale.

Sasa ndala. Nimekata kipande cha ndala nyekundu, kidogo kama punje ya harage, nikakitumbukiza kwenye mpira. Kinaelea. Koki ikiwa wazi na njia haijaziba, harage langu liko juu, usawa wa maji ya pipa. Koki ikifungwa, au takataka ikiziba njia, kuku watakunywa maji ya bombani na harage litashuka, hata pipa liwe limejaa namna gani. Mtoto wa darasa la tano hahitaji tena kuchungulia pipa. Namuuliza kwa simu: "Harage liko wapi?" Akisema liko chini, nampigia jirani aende mbio.

Na bado harage haliniambii kama chuchu zenyewe zinatoa. Kwa hiyo kila asubuhi nabonyeza chuchu ya mwisho kabisa, ile iliyo mbali na pipa, kwa kidole. Ikitoa tone zuri, naondoka. Juma likiisha nazibonyeza zote nane.

Bomba lilale sawa, hapa pimamaji ya fundi mwashi inasaidia. Linaning'inia kwa kamba kutoka kwenye paa, na kamba zinaweza kupandishwa. Hapa ndipo nawarudisha kwa yule kuku anayemshukuru Mungu. Kwa chuchu, tone linadondoka moja kwa moja kooni kichwa kikiwa kimeinuka. Kwa hiyo kuku anywe akiangalia juu, amenyoosha shingo kidogo, miguu yote imekanyaga chini. Akilazimika kuinama ubavu, maji yanamdondokea shavuni na kulowesha randa. Akisimama kwa vidole kama mwali anayechungulia harusi dirishani, umepandisha mno. Kifaranga wa siku za mwanzo, chuchu iwe usawa wa jicho lake. Kila juma vuta kamba.

Kuku wakubwa waliozoea beseni, usiwanyang'anye siku moja. Waachieni vyote viwili siku tatu nne. Kuku ana udadisi, hasa kwa kitu kinachong'aa au chenye wekundu. Mmoja akiidonoa pini akapata tone, wengine wanaiga kabla jua halijazama. Ondoeni beseni mkishaona kwa macho kwamba hata wale wanyonge wa pembeni wanakunywa.

Kijana pale ameinua mkono. Anasema: Mwalimu, mbona hujataja boya? Mfumo mpya unajijazaje?

Haujijazi. Boya nilichomoa.

Msigune, sikilizeni. Boya lilikuwa linanifichia kitu. Siku hizi najaza pipa mwenyewe, kwa ndoo ya lita 20 yenye alama za lita, asubuhi, na kila nikijaza naandika kwenye daftari nimeongeza lita ngapi. Dakika kumi hazifiki. Mwezi wa sita mwaka jana daftari lilikuwa linasema 16, 16, 15, 16. Siku moja likasema 11. Hakukuwa na mvua wala baridi ya ajabu, kuku walikuwa wanatembea, chakula wanadonoa. Ukiwaangalia tu ungesema wazima. Nikabonyeza chuchu moja moja, zote zinatoa. Nikamwita bwana mifugo. Siku mbili baadaye ndipo mafua yalipoonekana wazi, nyuso zimevimba, pua zinatoka kamasi, na mimi nilikuwa nimeshawatenga wale watatu wa kwanza. Kuku mgonjwa mara nyingi hupunguza maji kabla hujaona kingine chochote. Pipa lenye boya lingejijaza kimya kimya, nisingejua. Mwenye kuku elfu mbili atanunua mita ya maji, na aweke boya lake kwa amani. Mimi na wewe wa kuku sitini, mita yetu ni ndoo na kalamu.

Kuosha nitapita haraka, ila msipuuze. Kila juma funga koki ya pipa, fungua ile ndogo ya mwisho, mwaga. Fungua zote mbili maji yapite kwa nguvu mpaka yawe safi. Ingiza kidole kwenye mdomo wa bomba. Ukisikia utelezi kama mlenda, huo ni uchafu hai, wadudu wamejijengea nyumba humo, na kila dawa ya maji utakayowapa kuku wataila wao kwanza. Usugue kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kamba, ukivuta kutoka huku hadi huku. Maji ya kunywa nayatia ile dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, isiyo na manukato wala sabuni, yenye nguvu ya asilimia 3.5: nusu kijiko cha chai kwa ndoo ya lita 20. Nusu, na kijiko kiwe cha chai. Kuna mama mmoja aliweka kwa kikombe akidhani anazidisha usafi, kuku wakasusa maji siku nzima.

Lakini siku ya chanjo klorini isikaribie. Chanjo zinazopitishwa kwenye maji, za kideri na gumboro, nyingi ni virusi hai waliodhoofishwa, na klorini inawaua kabla hawajamfikia kuku. Mimi siipitishi chanjo bombani kabisa. Natoa mabeseni ya zamani, nayaosha kwa maji matupu, kuku nawakatia maji kwa muda wa saa moja au mbili alfajiri wakati bado pana ubaridi, kisha nawawekea chanjo kwenye maji yasiyo na dawa, waimalize upesi. Kwa kideri mwenye kuku wachache kama sisi ana njia nyepesi zaidi: ile chanjo ya tone la jicho, I-2, tone moja kila kuku, kila baada ya miezi mitatu au minne. Hiyo haihitaji bomba wala beseni, inahitaji mtu wa kukushikia kuku tu.

Jambo la joto la maji, kisha tushike drili. Bomba likipigwa na jua la saa saba, maji yaliyo ndani yake yanakuwa ya kuogea. Kuku hayataki, na ndio wakati anaoyahitaji zaidi. Pipa langu liko chini ya mwarobaini na nimelivika gunia la katani, ambalo nalimwagia maji asubuhi na mchana. Bomba lote liko ndani ya banda, kivulini. Na saa nane, miezi ya joto, nafungua ile koki ndogo ya mwisho, natoa maji ya moto yaliyolala bombani, lita moja hivi, maji ya pipa yanachukua nafasi. Hayo ya moto hayapotei. Chini ya koki pana tuta la mchicha, na kwa mgao wetu huu wa maji, nani anamwaga maji Dodoma?

Sasa basi. Pale kwenye meza kuna bomba tatu hazijatobolewa, na chuchu kumi na mbili za kikundi. Fundi ametuazima drili lakini umeme siwaahidi, kwa hiyo nimebeba na keekee ya mkono ya marehemu mzee wangu. Kina mama wa Mkonze juu shikeni uzi wa chaki, nyie vijana mtatoboa. Na wewe mwenye kofia, uliyenilowesha miguu, nenda kwa mpira mweupe. Harage la ndala utalikata wewe.